Nyama Iliyopikwa Kwanza

Nilikwenda Likasi kula nyama. Nalisema mapema, msije mkadhani nilifuata shaba au nilikuwa nimejificha kwa jambo fulani, maana nimerudi nikakuta maneno yameshazagaa hapa Makambako. Nilialikwa kula, nikala, nikarudi. Yaliyotokea katikati ndiyo nataka kuwasimulia, na sehemu yake kubwa ni aibu yangu mwenyewe.

Mdogo wangu Festo wengi wenu mnamkumbuka. Alikuwa akiendesha malori kwenda Kongo, na safari moja badala ya kurudi yeye ikarudi picha ya harusi yake. Sasa ni fundi wa injini za malori huko Likasi, na mkewe, Honorine, ni mchoma nyama. Kwa miaka tisa Honorine ameshika moto kwenye mgahawa wa bibi mmoja mjane, Mama Alphonsine, katika Kikula, mtaa wa Likasi wenye watu wengi na masoko mengi. Moshi umemchosha Mama Alphonsine macho, naye alikuwa anatafuta wa kumwachia mgahawa. Aliwafikiria wawili. Mmoja ni Honorine. Wa pili ni mpwa wake wa Lubumbashi, kijana wa shati la pasi, anayetaka kung'oa majiko yote ya makaa na kuleta ya gesi.

Hapo ndipo Festo aliponiponza. Alijisifu kwa yule bibi kwamba ana kaka mwenye baa ya nyama choma njiapanda ya Makambako, mtu ambaye madereva wa nchi nne wanamjua kwa jina. Mama Alphonsine akasema basi huyo kaka aje aonje nyama ya Honorine, aseme kama huyu mwanamke anaweza kubaki na moto peke yake. Festo akanipigia simu. Aliniambia nije nile tu halafu niseme ukweli. Nilimjibu kwamba ukweli ninao mwingi kuliko nyama.

Makambako hadi Tunduma ni njia mnayoijua, sitawachosha. Niliondoka alfajiri, Jumanne, na koti zito, na kadi yangu ya chanjo ya homa ya manjano nimeifunga kwenye mfuko wa nailoni kama cheti cha ndoa. Tulivuka kuingia Nakonde mchana, tukapanda basi la Zambia, na Zambia ni ndefu. Unalala, unaamka, miti ni ile ile. Jirani yangu kwenye kiti alikuwa mama mfanyabiashara wa vitenge aliyenifundisha kusalimia kwa Kibemba, na kila niliposalimia watu walicheka kwa furaha, kwa hiyo sijui alinifundisha nini hasa.

Kasumbalesa, mpaka wa Kongo, tulifika Alhamisi asubuhi. Foleni ya malori pale haina mwanzo wala mwisho. Nilipita nikiwaona madereva ambao hula kwangu, na mmoja aliyekuwa anapika chai chini ya tela aliniita kwa jina langu. Nikajisikia mtu mkubwa. Nakumbuka nilitembea kidogo kifua mbele kuelekea dirisha la pasipoti.

Usiku nililala Lubumbashi, na Ijumaa Festo akaja kunichukua kwa gari la rafiki yake. Barabara ya Likasi ni lami nzuri, inapita kwenye misitu mifupi na vichuguu virefu kuliko mtu. Tulipofika Kapolowe Gare tulisimama, kwa sababu akina mama wa pale walikuwa wamepanga samaki wa kukaushwa kwenye meza kando ya barabara, wakawapanga vizuri mno, kila mmoja amekunja mkia upande ule ule. Festo alinunua wa Honorine. Nilimuuliza yule mama muuzaji kwa nini wote wanatazama upande mmoja. Alinijibu kwamba mteja akiona fujo mezani anajua na samaki wamekaushwa kwa fujo. Nikamwambia Festo kwamba nchi hii nimeshaipenda.

Likasi kwanza unaiona milima, halafu mabomba marefu ya viwanda, halafu ghafla mji wenye barabara pana na miti ya kivuli pande zote mbili, na nyumba za zamani za matofali zenye baraza. Mwezi wa saba kuna baridi, na vumbi ni jekundu. Kikula ni upande mwingine kabisa: nyumba watu wamejijengea wenyewe, moja imeegemea nyingine, na kila kizingiti kimefagiliwa. Nilihesabu nyumba ishirini hivi, sikuona takataka mbele ya hata moja. Umeme ulikatika tulipokuwa tunashusha mizigo. Nikasema si mnalo bwawa la umeme la Koni hapa karibu? Festo akasema lipo, tena karibu sana, lakini umeme wake hupita juu yao kwenda viwandani, wao huupungia mkono.

Honorine alitupokea mlangoni. Ni mwanamke mrefu, mtulivu, ana alama ndogo za cheche kwenye mikono yote miwili kama watu wa kazi yetu. Alipiga goti kidogo, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Karibu kwetu, baba mukubwa," alisema. "Likasi haina mubaya, iko paka baridi."

Hilo la baba mkubwa lilinishika moyo. Kwake mimi ni kaka mkubwa wa baba wa watoto wake, na kule heshima hiyo wanaitia kwenye kila tendo. Maji ya kunawa alinishikia yeye. Kiti chenye mto nilipewa mimi. Nilipotaka kujimiminia chai mwenyewe, kila mtu alisimama.

Kiswahili chao, wenzangu, ni Kiswahili kweli lakini kimevaa nguo nyingine. Ugali ni bukari, nyama ya mbuzi ya kuchoma ni michopo, watu ni bantu, makaa ni makala, ndiyo ni njo, neno tu ni paka, na Kifaransa kinaingia na kutoka bila kubisha hodi. Usiku ule nilijiona nimeshakielewa chote. Mtu akikaa na lugha siku moja na kuielewa nusu, hiyo nusu nyingine ndiyo humwangusha, lakini hilo sikulijua bado.

Jumamosi saa nane mchana ndiyo ilikuwa saa ya kula. Festo aliitwa gereji kufungua injini ya lori lililokwama, kwa hiyo niliketi peke yangu kwa Mama Alphonsine, meza ya katikati, chini ya turubai. Mahali pale panapendeza na sitaki kumdhulumu mtu. Ni ua uliotandikwa matofali, majiko manne ya mapipa yaliyopasuliwa katikati, meza zimesuguliwa mpaka mbao zimekuwa nyeupe. Kila aliyeingia alizunguka kwanza kusalimia meza zote, na mimi mgeni nikasalimiwa na watu wasionijua kama vile tulisoma pamoja. Kulikuwa na wafanyakazi wa kiwandani waliotoka zamu, familia moja ya walokole walioomba kwa sauti juu ya sahani zao, na meza ya wachimbaji wa madini, wakrezeri kama wanavyoitwa kule, vijana wenye vumbi hadi kwenye nyusi. Mmoja wao alikuwa anaulizwa na wenzake kama anatokea Shinkolobwe, mgodi uliofungwa, naye akasema yeye anatokea nyumbani kwa mama yake. Wakacheka wote. Hakuna aliyepiga kelele kumwita mhudumu. Wakihitaji kitu walinyanyuka, wakaenda jikoni, wakasema taratibu, wakarudi. Niliona hilo, nikalipenda, wala sikujiuliza kwa nini wanafanya hivyo.

Wengine walikuwa wanakula mbuzi. Harufu yake ilinipitia puani nikameza mate. Kisha Honorine akaniletea mimi sahani yangu, ameishika kwa mikono miwili, nayo ilikuwa ng'ombe.

Nisikilizeni watu wa nyama. Ile nyama ilikuwa imekatwa pana na nyembamba, nje ina rangi, na nilipouma niliumia moyo. Ilikuwa kavu na ngumu. Ndani ilikuwa ya kijivu toka upande huu hadi upande ule, haina hata tone la maji yake, kama nyama iliyoshaacha utamu wake kwenye sufuria ya mtu mwingine. Nilitafuna, nikatafuna. Niliongeza pilipili, nikaongeza chumvi, nikameza na bukari. Bukari lilikuwa zuri ajabu. Nilimaliza kipande kimoja, nikabaki natazama vingine sita.

Nilihuzunika kweli, maana nilishampenda yule shemeji. Honorine alikuwa amesimama pembeni, mikono nyuma, ananitazama mdomo. Nikamuuliza huyu ng'ombe alimfanyaje.

"Nilipika yeye mbele, baba mukubwa," akasema. "Nilipika asubuyi yote, njo nikatia ku moto. Nilipika na..."

Nikanyanyua mkono. Sikutaka kusikia zaidi. Mnanijua, hasira zangu zinakaa karibu na mlango. Kwetu sisi wachoma nyama, kuichemsha nyama kwanza ili iive haraka halafu kuipaka rangi kwenye makaa ni wizi. Nimemfukuza mtu kwa kosa hilo. Na huyu ananiambia mwenyewe, bila haya, kwamba aliipika asubuhi nzima.

Mama Alphonsine akaja akaketi mbele yangu. Ni bibi mdogo wa mwili, macho mekundu yenye machozi ya moshi, kitambaa cheupe kichwani. Aliniambia niseme, nisifiche. Basi sikuficha, na wala sikupunguza sauti. Nilitumia ile sauti yangu ya baa, ambayo inafika mpaka kwenye maegesho.

"Mama, nyama inayopikwa kwanza si nyama choma," nikasema. "Mtu anayepika nyama kabla ya kuichoma haujui moto."

Meza zote zikageuka kutazama.

"Lakini minye njo nilimufundisha kupika," akasema yule bibi.

"Basi tatizo lilianzia hapo," nikasema mimi.

Hakujibu kwa hasira. Alichukua sahani yangu kwa mkono wake, akasema amesikia, akaipeleka ndani. Honorine alikuwa ameshanigeuzia mgongo, yuko kwenye moto, anageuza michopo ya wakrezeri. Hakuacha kazi. Aliwahudumia wote mpaka meza ya mwisho, na mimi nikaondoka nikijiona mtu jasiri aliyefanya jambo gumu.

Jioni, jua likizama nyuma ya mabomba ya viwanda, Festo alirudi na mafuta mpaka viwikoni akaniuliza ilikuwaje. Nilimwambia ilikuwa ngumu na kavu, na kwamba nimesema ukweli kama alivyoniomba. Habari ya kupika sikumtajia. Niliona namsitiri mkewe. Festo aliinamisha kichwa, akasema kama ilikuwa mbaya basi ilikuwa mbaya. Kabla hatujala, jirani akapita na ujumbe kwamba Mama Alphonsine amempigia simu mpwa wake wa Lubumbashi, neveu kama anavyomwita, aje Jumatatu. Honorine alitupakulia mchicha, kule wanauita lengalenga, na wale samaki wa Kapolowe. Alinipa mimi kipande cha kwanza na kikubwa. Aliuliza kama nimeshiba. Sijawahi kuona mtu aliyenyang'anywa kitu akimhudumia hivyo aliyemnyang'anya, na bado usiku ule nililala vizuri.

Jumapili asubuhi niliamshwa na mlio nyuma ya nyumba: ko, ko, ko. Nilitoka nikamkuta Festo anapiga mswaki uani. Nikamuuliza huo ni mlio wa nini.

"Honorine anapika ile nyama iliyobaki," akasema.

Nikazunguka nyumba. Hapakuwa na sufuria. Hapakuwa hata na moto. Honorine alikuwa amepiga magoti mbele ya ubao, nyama iko juu ya ubao, na mkononi ana kigongo kifupi cha mti. Anaipiga. Anaigeuza, anaipiga tena. Alinisalimia akaendelea.

Nilirudi kwa Festo nikamwambia mkewe hapiki, anapiga. Festo akacheka mpaka akatema dawa ya meno.

"Kaka, huku kupika ni kupiga. Chakula wanapika, mtu mkorofi wanampika, hata picha za harusi wanapika." Halafu kicheko kikaisha. Akanitazama. "Jana ulimwambia nini Mama Alphonsine?"

Nilimwambia neno kwa neno, lake na langu. Festo alikaa kwenye kizingiti akashika kichwa. Nami nikaanza kuyasikia maneno yangu kwa masikio ya yule bibi. Kwamba nyama inayopigwa kwanza si nyama choma. Kwamba anayepiga nyama haujui moto. Kwamba yeye ndiye aliyemfundisha Honorine kupiga, amesema mama wa watu, mzee wa watu, na mimi nikamjibu kwamba tatizo lilianzia kwake. Nilitamani ardhi ya Likasi, jinsi inavyochimbwa kila mahali, ichimbike na hapo nilipokuwa nimesimama.

Tulikwenda misa ya saa tatu. Kanisa lao ni kubwa, la matofali, na lilijaa mpaka nje. Honorine anaimba kwaya. Nimesikia kwaya nyingi, lakini pale watu walijibu kutoka kwenye mabenchi kwa sauti nne, wazee na watoto, bila mtu kuwaonyesha. Ingekuwa siku nyingine ningelia kwa uzuri. Siku ile nilikaa nikihesabu madirisha.

Njiani kwenda kwa Mama Alphonsine, Honorine alikuwa amebeba aproni yake imekunjwa, na koleo la kugeuzia nyama, akarudishe. Nilimuuliza kwa nini jana hakunisahihisha.

"Ulinyanyua mukono," akasema.

Nikatia mikono mfukoni mpaka tulipofika.

Saa tano na nusu ua ulikuwa umeshajaa watu waliotoka makanisani, wengi ni wale wale wa jana. Mama Alphonsine alikuwa ameketi mlangoni mwa jiko, hakuna moto hata mmoja uliowashwa. Nilivua kofia. Nilimweleza kwamba kwetu kupika ni kutia sufuria maji na kuchemsha, na kwamba hilo ndilo nililosikia. Kwamba sikusema lolote juu ya kupiga nyama. Festo alinisaidia niliponaswa. Bibi alisikiliza hadi mwisho, anafuta macho kwa ncha ya kitambaa.

Akasema usiku kucha alikuwa anajiuliza. Mumewe alipokufa alianza na jiko moja na kigongo kimoja, akipiga nyama ngumu ili wenye meno mabovu nao wale. Kama mtu anayejua kazi anatoka mbali kusema kwamba kupiga ni kosa, basi maisha yake yote yalikuwa kosa, na heri mpwa alete gesi. Nilimwomba radhi. Nikasema lilikuwa kosa la neno tu, tofauti ya Kiswahili.

Ndipo akanyanyua kidole.

"Apana, baba. Ile haina mambo ya Kiswahili," akasema. "Kama alichemusha nyama kweli, ungesema vile mbele ya bantu?"

Ukweli ni kwamba ningesema vile vile. Nilikuwa nimeshasema vile vile, kwa watu wengi, kwa miaka mingi, na kujisifu kwamba mimi sifichi.

"Huku, kama kyakula haiko muzuri, unasimama, unaenda ku moto," akasema. "Unasema na mwenye kupika, paka ku sikio. Alafu unarudia, unakula."

Basi wale watu wa jana waliokuwa wakinyanyuka taratibu kwenda jikoni na kurudi, kumbe baadhi yao walikuwa wanalalamika. Chumvi, bukari laini, michopo mibichi. Yote niliyaona kwa macho yangu, nikadhani ni utulivu wa watu wa mji huu. Nimejaa sifa kwa mji mzima, halafu desturi yake moja inayonihusu mimi nikaikanyaga.

Niligeukia meza. Wakrezeri walikuwepo, walokole walikuwepo. Nilichosema jana kwa sauti ilibidi nikifute kwa sauti. Niliwaambia kwamba mimi ni mchoma nyama kutoka Makambako, kwamba jana nilimtukana mama huyu na shemeji yangu mbele yao, na kwamba nilikuwa sijui nisemalo. Mzee mmoja wa kiwandani akasema, bon, imeisha. Wengine wakaitikia. Mimi, mtu wa miaka hamsini na minne, nilibaki nimeshika kofia kwa mikono miwili kama mtoto wa shule.

Mama Alphonsine akamwita Honorine. Honorine akanyoosha aproni na koleo kumpa. Bibi aliipokea aproni, akaikunjua, akamfunga nayo kiunoni mwenyewe, mafundo mawili.

"Nakupa moto, na haina juu ya maneno ya huyu baba," alimwambia. "Jana alikusemea mubaya, na weye ulirudia ku makala, ukamaliza bantu yote. Neveu nitamuita tena, atakuya paka kukula."

Honorine aliinama akalia kwenye bega lake, mrefu kwa mfupi, na hakuna aliyewatazama sana. Watu walianza kuzungumza mambo yao kwa makusudi ili kuwaachia nafasi. Kwa hilo pia niliwapenda.

Alipojifuta uso alinigeukia. Nilidhani atanisamehe au atanisema. Hakufanya lolote kati ya hayo mawili.

"Minye nayua ile nyama haikukuwa muzuri, baba mukubwa," alisema. "Festo alisema kwenu munakulaka ngombe. Siye hapa tuko bantu ya mbuzi. Nilitafuta ngombe juu yako, nikapata muzee, nikapika mpaka ikaisha maji. Ulisema kweli. Ulisema paka mubaya."

Kwa hiyo hilo ndilo lililokuwa kwenye sahani yangu. Alikuwa ameacha kitu anachokijua kuliko mtu yeyote katika mji ule, akahangaika sokoni kunitafutia cha kwetu, akakipiga asubuhi nzima kwa mkono wake, na jambo la kwanza lililotoka kinywani mwangu lilikuwa swali la kipolisi. Nilimwomba, kama anaweza, anipe michopo kama ya watu wengine.

Moto uliwashwa. Nilisimama karibu naye nikamtazama akifanya kazi, na nawaambia bila kujipunguzia wala kumwongezea, yule mwanamke ananizidi. Makaa yake huyatandaza mazito upande mmoja na mepesi upande wa pili, na nyama inasafiri kutoka huku kwenda huku, haikai. Hatumii uma, asije akaitoboa. Mafuta yakidondoka na mwali ukapanda, hanyunyizi maji kama sisi tunavyofanya. Anasogeza tu nyama nusu kiganja na kusubiri mwali uchoke. Vitunguu vilivyokatwa, pilipili, na bukari la moto pembeni. Nilikula sahani nzima. Nikala ya pili. Mafuta yalinitiririka kwenye kidevu, mtoto wa walokole akaninyooshea kitambaa.

Honorine alinitazama kwa mbali, hakuuliza. Nikanyanyuka, nikaenda kwenye moto, nikainama sikioni mwake.

"Chumvi imezidi kidogo," nikamwambia.

Alionja kipande. Akaonja kingine.

"Njo vile," akasema, akapunguza.

Jumatatu asubuhi nilianza kurudi. Honorine alinifungia michopo ya njiani kwenye jani la mgomba, na Festo alinishika mkono muda mrefu kuliko kawaida yake. Zambia ilikuwa ndefu tena. Kasumbalesa yule dereva wa chai alikuwa bado yuko kwenye foleni, mita chache tu mbele, akaniita kwa jina. Nilimpungia, nikapita kimya.

Mkiniuliza nyama ya Likasi ikoje, jibu langu ni kwamba mlo niliopikiwa mimi ulikuwa mbaya, na mpishi wake ni bora kuliko mimi. Watu wa Likasi wanaishi chini ya nyaya za umeme usio wao, juu ya madini yasiyo yao, na bado wamejiwekea utaratibu kwamba hata mwenye kosa la chumvi asiaibishwe mbele za watu. Sisi tuna nyama nyingi, na utaratibu huo hatuna. Mimi sikuwa nao.

Nilifika Makambako Alhamisi jioni, baridi kali. Mke wangu alinipakulia wali na maharage, watoto wako mezani, na wageni wawili. Maharage yalikuwa hayajaiva. Nilishavuta pumzi. Watoto walishaacha kutafuna, wakainamia sahani zao, wanasubiri, na hilo la kwamba wanajua kusubiri ndilo lililonichoma kuliko yote. Nikasimama, nikaenda jikoni alipokuwa anakoroga chai, nikainama nikamwambia taratibu sikioni. Mke wangu aliweka mwiko chini, akanipima paji la uso kwa mgongo wa mkono wake, kisha akaniuliza kwa sauti ndogo kabisa kama kule Kongo nilikuwa nimeumwa.